Rili Iliyorudi na Chumvi

Siku tuliyogawana vitu vya mzungu, mume wangu alivuta kura mbaya kuliko wote. Miaka ile ya kwanza ya uhuru tulikuwa kikundi cha familia zilizochanga na kununua shamba upande wa Cheptiret, na mwenye shamba alikuwa amerudi kwao akaacha stoo imejaa. Jirani mmoja alipata plau, mwingine madebe ya maziwa. Mimi nilikuwa nimeikodolea macho cherehani. Mume wangu akapata kisanduku chenye rili mbili za kuvulia samaki baharini, zile mashine ndogo za mkono zinazokunja na kuachia uzi wa mshipi, pamoja na ufito mmoja. Watu walicheka wakashika mbavu. Bahari ilikuwa mbali nasi kwa treni, na kwetu samaki hakuwa hata chakula. Wazee walimwita nyoka wa maji.

Ningekasirika, ila tulikuwa tumeoana majuzi tu, na bado nilikuwa napenda hata anavyopiga chafya.

Aliyecheka zaidi ni mwenyekiti wetu, mzee aliyejulikana kote kwa ulimi wake. Nasema ulimi wenyewe, wa mdomoni. Ukimletea udongo wa mahali watu wanapolambisha ng'ombe chumvi, aliuonja akakuambia umetoka bonde gani na kama utaongeza maziwa. Alimshauri mume wangu akibadilishe kile kisanduku kwa kamba ya kufungia ndama. Mume wangu akasimama mbele ya watu wote akasema atakwenda baharini na rili yake, atavua samaki, na atarudi. Mzee akasema mtu anaweza kukaa wiki nzima Nakuru kwa shemeji yake, halafu akarudi kusimulia bahari. Watu wakacheka upya. Papo hapo safari ile ikawa yangu pia. Sikutaka aitwe mwongo katika shamba tulilotaka kuzeekea.

Kwanza tulipaswa kuchagua rili moja kati ya mbili. Tukazipeleka Eldoret mjini kwa Msomali mwenye duka la vifaa, aliyewahi kuishi Kismayu. Mume wangu aliitaka ile kubwa inayong'aa. Mwenye duka akazungusha mkono wa kila moja polepole, sikio limeinama. Ile kubwa ilikwaruza, na mkono wake ukacheza huku na huku. Akaifungua tuone meno ya ndani, na yalikuwa yamelika kabisa. Mume wangu akaguna akasema ng'ombe mwenye meno kama hayo ni mzee, hata sokoni hangemnunua. Tukachukua ile ndogo iliyochujuka rangi, ambayo ilizunguka bila kelele.

Mwenye duka akatuwekea uzi mpya, akapaka grisi kidogo kwa ncha ya kijiti, kisha akatukazia macho sisi wawili. "Grisi isizidi hapo, na breki mlegeze mkimaliza," alisema. "Lakini ile ya maana ni hii: mkitoka bahari, osheni na maji baridi, yale hayana chumvi, siku hiyo hiyo. Chumvi ikilala ndani, hii kitu imekufa."

Ikabaki kupima breki. Breki ya rili hukazwa kiasi, ili samaki mkubwa akivuta uzi utoke badala ya kukatika. Samaki hatukuwa naye, ndama tulikuwa naye. Tukamfunga uzi shingoni, mume wangu akashika ufito, nami nikamwachilia ndama. Aliondoka mkia juu kuelekea kwenye mahindi, rili ikalia kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisahau, na mume wangu akamfuata mbio akipiga kelele kwamba inashika, inashika, mpaka akateleza juu ya mavi ya ng'ombe. Hakuiachia rili. Nilicheka nikalala chini. Tulirudia siku kadhaa, na ndama akazoea akawa anakuja mwenyewe akituona na ufito.

Mombasa tulifikia kwa binamu yangu aliyefanya kazi bandarini. Alitupeleka kwenye mawe, akatutafutia chambo cha kamba wadogo, akakaa kutuangalia. Jua lilitupika. Maji yalikuwa mengi kupita kiasi, na nilimshika mume wangu mkanda kwa nyuma kwa sababu sikuamini yatakaa pale pale. Mara ufito ukapinda, rili ikalia ile sauti yetu ya nyumbani, na mume wangu, macho yamemtoka, akanigeukia akasema, "Ni ndama!" Alikuwa samaki aina ya changu, mwekundu, mzito. Binamu alimchoma, tukamla kwa vidole, na nyoka wa maji akawa mtamu ajabu. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ya siku ile.

Alasiri nikaleta beseni la maji baridi kama tulivyoagizwa. Mume wangu alikuwa ameipakata rili, hacheki tena. Samaki angeoza kabla ya kufika Nairobi, alisema. Maji ya bahari kwenye chupa yangeweza kuletwa na yeyote anayepanda treni. Lakini rili ile kila mtu shambani aliijua, na mzee alikuwa na ulimi wake.

Nilimkumbusha kwamba tusipoiosha itakufa. Akasema anajua, na aliipenda sasa kuliko cherehani yoyote duniani. Alikuwa ananiangalia mimi nichague. Nikamwaga yale maji yote miguuni pake. Aliruka, akaniita mwendawazimu, kisha tukakimbia pamoja kurudi kwenye mawe tukaichovya rili baharini tena na tena mpaka binamu akatuonea haya.

Tulipofika nyumbani ilikuwa imeota unga mweupe kila pembe. Watu walikusanyika. Mzee aliipokea, akaigeuza, akailamba penye mkono, akafumba macho. Tulingoja. Akalamba tena upande wa pili, taratibu.

"Hii sijawahi kuonja," alisema. "Kijana alifika."

Basi ikazunguka, kila mtu akalamba. Mume wangu, amelewa kwa furaha, alitaka kuwaonyesha inavyolia, lakini mkono wa rili uligoma, haukuzunguka hata kidogo. Hakuna aliyecheka. Mzee aliuliza kwa heshima kama anaweza kuiazima kidogo, akaibeba kwa mikono miwili hadi zizini na kumwekea ng'ombe wake bora chini ya pua. Ng'ombe yule akailamba mpaka ikang'aa, na hivyo ndivyo ilivyooshwa.