Mbwa Niliyekataa Auawe

Nakumbuka asubuhi moja kule Kwedizinga, wakati wa Mwingereza, baba mdogo Salehe alipokuja uani na rungu akaniambia nimfungue mbwa wangu, akammalize porini. Nilikuwa msichana, hata kuolewa bado. Nikakaa chini mbele ya mbwa, nikasema, "Shikamoo, baba mdogo. Simfungui."

Mwanangu, usinitazame hivyo. Najua kwetu msichana hamjibu mkubwa wake namna ile. Nilimjibu, na mpaka leo sijajuta.

Mbwa mwenyewe alikuwa mdogo, wa kahawia, tumbo karibu liguse ardhi, jina lake Doa. Kazi yake ilikuwa kukaa nami shambani chini ya dungu, kile kichanja cha kulindia mahindi, na kubweka nyani wakitokea. Ndani ya nyumba haingii, maana sisi ni Waislamu, na nikiguswa na mate yake nilijiosha kwa udongo na maji kama nilivyofundishwa. Lakini nilimpenda. Nilimpenda kuliko baadhi ya binamu zangu, na wao walijua.

Msimu ule mvua ilitukuta mahindi bado hatujavuna. Mengi yakavunda, yakaota ukungu wa kijani. Desturi yetu ilikuwa moja kijiji kizima: mazuri ya watu, yaliyovunda ya mbwa na kuku. Basi Doa akawa anapikiwa ugali wa hayo.

Akaacha kula. Akawa anatapika. Weupe wa macho ukageuka manjano, ufizi pia, na mkojo ukawa kama chai iliyokolea majani. Watu wakasema ni kichaa cha mbwa. Zamani zile neno hilo likimfikia jumbe, mkuu wa kijiji, mbwa hana maisha tena.

"Atakuuma huyo, halafu tukuzike wewe," baba mdogo akasema.

"Hajamkurupukia mtu yeyote. Amelala tu, na maji anakunywa kwenye kifuu chake. Huu ni ugonjwa mwingine."

"Umekuwa daktari lini?"

"Sijawa. Twende basi kwa anayejua."

Baba yangu alikuwa pembeni anapiga mswaki. Akatema mate, akasema, "Mwaka jana mbwa huyu ndiye aliyetubakizia chakula. Nitampeleka Korogwe na binti yangu." Baba mdogo akaondoka na rungu lake.

Tulimtia Doa kwenye tenga la kuku, tukapanda lori la mkonge. Njia nzima abiria walitucheka, eti Waislamu wazima wanasafirisha mbwa kwenda hospitali. Baba alitazama mbele tu. Mimi niliwatazama mmoja mmoja mpaka wakanyamaza.

Huko Korogwe bwana mifugo alimfunga Doa mdomo kwa kitambaa, akabonyeza chini ya mbavu. Doa akalia.

"Nadhani ni ini," akasema. "Sina hakika, siwezi kumpasua nikaona. Anakula nini?"

Nikamweleza.

"Acheni chakula hicho leo hii. Msimnyweshe mizizi wala dawa ya kubahatisha, ini lililochoka haliwezi kuibeba. Mpeni chakula safi, kidogo kidogo, na maji. Siwezi kukuahidi kwamba atapona."

Nikauliza, "Na mtu akiyala mahindi hayo?"

Akanitazama kidogo. "Mtu naye ana ini."

Tuliporudi nilimkuta mke wa baba mdogo anapepeta mahindi yale yale. Mazuri yalikuwa yanakwisha, na watoto wake walikuwa wanalia njaa. Alisema akiyaosha na kuyaanika hayana neno. Nilimweleza tuliyoambiwa, hakuamini. Basi nikabeba gunia lake, nikalimwaga lote kwenye shimo la choo.

Baba mdogo alinijia na rungu, na safari hii halikuwa la mbwa. Sikukimbia. "Nipige," nikamwambia. "Ila hayo mahindi mtoto hali."

 Baba yangu aliingia ghalani, akatoka na gunia la pili la yaliyovunda, akalimwaga juu ya lile la kwanza.

Tuliona njaa, mwanangu, sikufichi. Tulikula mihogo na mchicha mpaka tukachoka kuviona, na uji wangu niligawana na Doa. Walisema naringa na mbwa wakati watu wana njaa. Waseme. Macho yake yalirudi kuwa meupe polepole. Hakunenepa tena, ila aliwabwekea nyani miaka mingi, na watoto wa baba mdogo wakakua wote. Baba mdogo mwenyewe, kuniomba radhi hakuniomba. Siku moja tu nilimwona anaweka kichwa cha samaki kwenye kifuu cha Doa, akijifanya anapita.

Basi nakuambia hivi. Mnyama wako akiugua, mtazame macho na ufizi, umpeleke kwa anayejua kabla majirani hawajampa ugonjwa wa midomoni mwao. Chakula ambacho ungeona haya kumwekea mgeni, usimwekee mbwa. Na mkubwa wako akikosea, mwamkie kwanza, kisha mkatalie.

Mungu akupe umri na afya, akupe moyo wa kukaa chini mbele ya unachokipenda. Na kama atakupa wakubwa wakali, akupe na mmoja wa kuleta gunia la pili.