Siku Wakatoliki Walipokuwa Wakwe Zetu

Kanisa yetu ni ndogo. Tukikusanyika wote tunaenea chini ya mbawa ya kuku mmoja, na kuku anabaki na nafasi ya kujikuna. Lakini kelele! Tukipiga ngoma Jumapili pale Musanda, miwa inakomaa kabla ya wakati wake, na watu wa Butere wanafungua mlango kuuliza nani anabisha.

Kwetu hakuna padri, hakuna askofu, hakuna mkubwa. Roho akikushukia, wewe ndiye mhubiri, hata kama jana ulikuwa unafukuzana na nguruwe wako barabarani. Tunavaanga kanzu nyeupe, tunasalimiana kwa kuinua mkono. Na kabla ya maombi, kila mtu anasimama anatoa dhambi zake kwa sauti, mbele ya wote, na kila dhambi anaitaja vile ilivyo. Akimaliza anasema, "Nimetoa." Sisi tunaitikia, "Imetoka!" na ngoma inalia mara moja. Hakuna kunong'onezea padri ndani ya sanduku.

Hiyo sanduku ndiyo iliwakosanisha wazee wetu na Wakatoliki. Hiyo sanduku, na kofia ndefu ya askofu. Mama yangu alikuwa anasemanga, "Mtu wa kofia ya urefu huo anaficha nini huko ndani?" Akipita mbele ya misheni yao aligeuza uso mpaka shingo ikalia kama mlango wa zamani.

Basi Mungu, ambaye anapendanga mzaha kunishinda hata mimi, akamchukua dada yangu mdogo akampeleka kusomea unesi kwa masista. Akarudi likizo, akala obusuma yote, huo ugali wetu, akanawa mikono, akasema, "Mama, mimi nataka kuwa sista."

Mama hakulia. Afadhali angelia. Alinyamaza miaka na miaka. Dada akija kutusalimia, mama anamjibu kupitia kwa mbuzi: "Wewe mbuzi, mwambie huyo mgeni chai iko jikoni." Mbuzi mwenyewe alichoka, akaanza kukaa mbali na nyumba.

Halafu juzi juzi ujumbe ukaingia kwa simu yangu. Dada anaweka nadhiri za maisha, kanisa kubwa pale Kakamega mjini, mbele ya askofu. Wazazi ndio wanamshika mkono binti mpaka altare. Baba yetu tulishamzika. Kwa hivyo ni mama peke yake, na dada aliandika hivi: "Asipokuja nitatembea mwenyewe." Nilisoma huo ujumbe tena na tena, mdomo wazi, mpaka jirani akauliza kama nimemeza mfupa.

Nikapeleka maneno kanisani. Sasa, kwa kuwa hatuna mkubwa, jambo haliamuliwi mpaka wote wakubali, pamoja na yule anayesinzia. Tulianza na umande, jua likatuchoma, likatuhurumia, likazunguka nyuma yetu.

Mpiga ngoma wetu akasema, "Tukiingia huko leo, kesho watatupigisha magoti tubusu pete."

"Magoti yangu ni ya Mungu na ya kupalilia," mama akasema. "Askofu atafute mengine."

Kukhu, yule nyanya mkongwe kuliko wote kwetu, aliyeona reli ya Butere ikiwa bado mti na jiwe, akagonga fimbo chini. "Nyamazeni. Huyu msichana anahamia kwao?"

"Ndiyo, kukhu."

"Atavaa pete yao?"

"Ndiyo."

"Atarudi kulala hapa?"

"Hapana, kukhu."

"Basi si ameolewa! Tangu nizaliwe sijaona binti wa hapa akienda kwa mume bila watu wake. Mnataka Wakatoliki waseme alizaliwa na shina la muwa?"

Hapo tukashikwa. Mambo ya Roma tungebishana mpaka Yesu arudi atukute hapo hapo. Lakini bibi harusi bila watu wa kumsindikiza? Aibu hiyo nani ataibeba? Mama akafunga leso kiunoni. "Kama ni harusi," akasema, "ni yangu."

Tukaosha trela ya miwa mpaka ikang'aa kama sufuria mpya, trekta ikatuvuta sisi wote na bendera na ngoma. Pale Sigalagala wanafunzi walitoka mbio wakidhani ni kampeni, wakauliza kama tunagawa sukari. Tulipofika Kakamega wangojezi wa kanisa wakatuketisha nyuma kabisa, karibu na mlango.

Misa ikaanza. Askofu akasema, "Ndugu zangu, tukiri dhambi zetu." Halafu akanyamaza. Wakatoliki wanajua huo ukimya ni wa kuvuta pumzi tu, halafu wanaendelea na yao. Sisi tulijua ni zamu yetu.

Mpiga ngoma akasimama. "Nilikata miwa ya jirani, nikasema ni ngiri! Nimetoa!"

"Imetoka!" Ngoma, puu! Vioo vya madirisha vikatetemeka, mtoto mmoja akaamka akaanza kucheza.

Mngojezi akaja mbio akitoka jasho. "Wazee, wazee, si hivyo!" Lakini mama alikuwa ameshasimama, na mama akisimama hata mvua inangoja.

Askofu akainua mkono. "Mwacheni amalize."

"Mimi ni mama ya huyo msichana hapo mbele," mama akasema. "Nilimnyima salamu. Niliongea naye kupitia kwa mbuzi. Na nyinyi Wakatoliki niliwatukana kila nikipita kwenu. Nimetoa."

"Imetoka!" Dada yangu alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanaruka.

Askofu akavua ile kofia akaishika mkononi. "Na mimi niko na moja," akasema. "Niliposikia mnakuja na ngoma, nilisema muwekwe mlangoni, mkizidi kelele iwe rahisi kuwatoa." Akatuangalia. "Nimetoa."

Sijui nani alianza. Kanisa nzima iliitikia, Wakatoliki na sisi, "Imetoka!" na nasikia mpaka Kisumu samaki waliruka juu ya maji. Mpaka leo najivunia hiyo siku kama mtu aliyejenga mlima.

Dada alipoitwa, mama alitoka kule mlangoni akapita katikati ya hao watu wote bila viatu, akamshika mkono. "Twende, mtoto wangu," akamwambia. Wakatembea polepole mpaka altare. Askofu hakumnyoshea pete. Aliinua mkono juu, salamu yetu sisi. Mama naye akainua wake, halafu akauweka mkono wa dada kwenye kiganja cha askofu. "Huyu anapenda obusuma ngumu," akamwambia. "Msimpe uji uji."

Jumapili iliyofuata, huku kwetu, Roho alimshukia mpiga ngoma, akasimama kuhubiri. Akaanza na Roma, kama siku zote.

"Wewe!" mama akamkata. "Hapa hatutusi wakwe."

 Mzee alijaribu kutafuta hubiri lingine lakini hakuwa nalo. Tukaimba wimbo mmoja tukaenda nyumbani mapema, na mama akachinja ingokho, kuku wa wageni, kwa sababu dada alikuwa anakuja kula pamoja na padri wa huko kwao.