Amplifaya Niliyoichagua Mimi

Majirani wa Uru waliposikia kwamba mume wangu ameondoka, walikuja kunipa pole na mikungu ya ndizi, kama vile nimefiwa. Niliwapikia chai, nikakaa nao, nikawaacha waseme. Wengi walitaka habari za mwanamke wa Himo ambaye amehamia kwake. Hakuna aliyeuliza habari za amplifaya, na mimi niliona aibu kuwaambia kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniliza.

Mimi ni mzaliwa wa Marangu, nyumba ya Kilutheri. Baba yangu alilima kahawa, akafuga ng'ombe, na kila Jumapili alipiga tarumbeta katika bendi ya kanisa. Lake lilikuwa lile kubwa la besi, ambalo mpigaji hulikumbatia kama anabeba mtoto mgonjwa. Alifanya mazoezi nyuma ya zizi kwa sababu mama hakutaka kelele zile karibu na jiko. Nilipoolewa Uru nikawa Mkatoliki, kama ilivyotarajiwa, lakini masikio yalibaki Marangu. Nilikuwa mwalimu wa sekondari mjini Moshi na nikafundisha kwaya ya shule kwa miaka mingi. Mume wangu alikuwa wakala wa forodha Holili, kazi yake kuvusha mizigo ya watu mpakani.

Mzungu mmoja aliyesimamia shamba la kahawa alipomaliza mkataba wake aliuza vitu vyake vyote, nasi tukanunua spika zake mbili. Zilikuwa za mbao, zinanifika kifuani, nzito kiasi kwamba wanaume wanne walizibeba kutoka barabarani wakipumzika kila baada ya hatua chache. Tukaziunganisha na redio yetu ya zamani. Ilikuwa kama kumfunga ndama kwenye jembe la kukokotwa na maksai. Ukiongeza sauti, muziki unakwaruza, taa nyekundu inawaka, redio inajizima.

"Mama watoto," mume wangu alisema siku moja, "hizi spika tunazionea."

Nisimnyime haki yake. Wakati ule alikuwa mtu anayeweza kuzihurumia spika.

Tukaanza kutafuta amplifaya ya maana. Tulitaka ile ya kasha moja, ambayo sehemu ya kupokea na kuchagua muziki na sehemu ya kuzisukuma spika zinakaa pamoja, isiwe mashine mbili na msitu wa nyaya. Kila tulipomaliza chakula cha jioni tulikaa na simu zetu tukisoma. Yeye alipenda namba. Akiona wati nyingi anapiga meza. Mimi nilimwambia kwamba wati zinakuambia mashine ina nguvu kiasi gani, hazikuambii inasema nini. Alicheka, akaniita mwalimu. Nikikumbuka sasa, ile ndiyo miezi mizuri ya mwisho tuliyokuwa nayo, na nimechoka kujiuliza kama wakati ule tayari alikuwa na nyumba Himo.

Shule zilipofungwa tukapanda basi kwenda Nairobi. Duka lilikuwa ghorofani, na ndani yake kulikuwa na chumba cha kusikilizia, zulia sakafuni na mapazia mazito ukutani ili sauti isirudi. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu. Alinikaribisha vizuri, "Karibu sana mama," kisha akaniketisha kwenye kochi la pembeni, karibu na mlango. Mume wangu ndiye aliyepewa kiti cha katikati, mbele ya spika, pale ambapo sauti mbili zinakutana. Muuzaji akaanza kumweleza yeye.

Amplifaya ya kwanza ilikuwa na vioo viwili vikubwa vyenye mwanga wa bluu, na ndani yake mishale inayoruka kufuata muziki. Mume wangu aliipenda kabla haijatoa sauti. Ya pili ilitumia valvu, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa kama makaa. Ya tatu ilikuwa nyeusi, pana, haina kitu cha kutazama. Vifundo viwili tu mbele, na ubavuni mapezi ya chuma ya kupoza joto, maana ilichemka kama pasi.

Nilikuwa nimebeba diski yangu. Miaka ya nyuma mgeni mmoja wa kanisa alirekodi bendi ya Marangu kwa maikrofoni mbili, na kila mpigaji akapewa nakala yake. Hiyo ilikuwa ya baba. Nilimpa muuzaji. Aliigeuza mkononi akaangalia upande wa pili, kisha akamtazama mume wangu kama anaomba ruhusa.

Ile ya bluu ilipiga kwa nguvu mpaka nikahisi mdundo kwenye kochi. Mume wangu alikuwa ameshafumba macho. Ile ya valvu ilikuwa tamu, matarumbeta madogo yalining'inia hewani kama moshi, lakini chini kabisa, kwenye besi, kila kitu kilikuwa uji.

"Baba," nikamwambia mume wangu, "nipishe hapo katikati."

Muuzaji alisema, "Mama, hata hapo ulipo unasikia vizuri."

"Sisikii. Nipishe."

Nikakaa. Akawasha ile nyeusi. Bendi ya kijijini kwetu ilikuwa na besi mbili, ya baba na ya jirani yetu mmoja. Jirani alikuwa sahihi kama saa. Baba alikuwa akichelewa. Si sana, kiasi cha kupepesa jicho, lakini kiongozi wa bendi alimkemea maisha yake yote, na nyumbani tulimtania mpaka uzeeni. Kwenye redio yetu zile besi mbili zilikuwa kitu kimoja. Kwenye zile mashine mbili za kwanza pia. Kwenye ile nyeusi, jirani aliingia kulia, halafu baba akaingia kushoto, amechelewa.

Nilicheka kwa sauti. Muuzaji akadhani kuna kasoro, akavikimbilia vile vifundo viwili.

"Acha," nikasema. "Ni hii."

Mume wangu alinung'unika kidogo kuhusu mishale ya bluu. Nikamwambia asikilize, nikamwonyesha kwa kidole: huyu jirani, huyu baba. Alisikiliza mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Kweli. Mzee anachelewa." Akanishika bega. Tuliilipia kutoka mfuko mmoja, mshahara wake, mshahara wangu na maziwa ya ng'ombe wangu, na yeye mwenyewe akaivusha Holili kwa njia zote halali.

Ilikaa kwetu mwaka na kitu. Jumapili baada ya misa tulikula mtori wa ndizi na nyama, kisha tukasikiliza muziki milango ikiwa wazi. Halafu safari za Holili zikaongezeka. Mizigo ikawa inachelewa Ijumaa, kisha inachelewa Jumamosi. Jumapili nikawa nasikiliza peke yangu, na nilifanya ujinga wa kudhani kwamba huko ndiko kuchoka kwa wanaume.

Siku aliyoondoka nilikuwa kazini. Niliporudi nilikuta mlango umefungwa vizuri, kuku wamelishwa. Nguo zake nyingi zilikuwepo. Hata viatu vya kanisani viliachwa. Lakini meza ilikuwa tupu, nyaya za spika zimelala sakafuni, shaba yake ikiwa wazi. Nilizitazama kwa muda mrefu kabla sijaelewa kwamba mume wangu ameniacha. Nilielewa kwanza kwamba amplifaya haipo.

Nilimpigia simu. "Ile ni ya kwangu," alisema. "Niliivusha mimi."

"Na spika?"

"Spika baki nazo."

Ukoo wake uliitisha kikao pale kihambani, kwenye uwanja kati ya migomba. Wazee walizungumza kwa heshima. Walisema shamba na nyumba ni vyangu na vya watoto, hakuna atakayenigusa. Walisema wamemwonya. Mwishoni mkubwa wao akaniuliza, "Mkwe, una neno?"

"Shikamoo baba. Nashukuru kwa yote. Naomba arudishe amplifaya."

Wakatazamana. Mmoja akauliza ni kitu gani hicho, mwingine akamjibu, "Redio." Nikaona midomo ikibanwa. Shemeji yangu mmoja hakuweza kujizuia, akacheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi.

"Mama," mzee akasema kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko kicheko, "mume ameondoka, wewe unagombania redio?"

Mume alikwenda kwa miguu yake, na mtu anayekwenda kwa miguu yake huwezi kumdai. Lakini chombo kile nilikichagua mimi, kwa masikio yangu, kwenye chumba ambacho hakuna aliyetaka niketi katikati. Niliwashukuru, nikawagawia pombe ya mbege, nikaosha vyombo.

Miaka miwili baadaye binti yetu akapata mchumba. Akaniomba niende naye Himo kumtambulisha kijana kwa baba yake. "Mama, kwa ajili yangu tu," alisema. Nikavaa vizuri, nikaenda.

Yule mwanamke alitupokea kwa adabu, sina la kumsema. Mume wangu alikuwa amenenepa. Na amplifaya ilikuwa sebuleni, imevikwa kitambaa cha kufuma kilichoziba matundu yote ya joto, juu yake king'amuzi cha televisheni na chombo cha maua ya plastiki. Ilikuwa imeunganishwa na vispika viwili vidogo vilivyobanwa pamoja kwenye rafu moja. Nilikaa upande mwingine ili nisiione.

Baada ya chakula akataka kumfurahisha mkwe wake mtarajiwa. "Unajua hiki chombo?" akamwambia. "Nilikifuata Nairobi mwenyewe. Muuzaji alitaka kuniuzia chenye mataa ya bluu, unajua wale wanavyotudanganya na mataa. Nikamwambia hapana, kijana, acha nisikilize besi."

Kijana akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

"Nilikwenda na rekodi ya baba mkwe wangu, marehemu. Mzee alikuwa anachelewa kuingia! Kwenye mashine nyingine husikii. Kwenye hii nikasikia. Nikacheka pale dukani mpaka yule muuzaji akashtuka."

Alisema hata kicheko changu. Alikisimulia vizuri, kwa mikono yake miwili, na nikaona kwamba amekisimulia mara nyingi, kwa wageni wengi, na pengine sasa anaamini kwamba kilikuwa chake.

"Besi inayochelewa," nikamwuliza, "iko kulia au kushoto?"

Akanitazama. Akatazama vile vispika. "Sasa hiyo," akasema, "inategemea."

Yule mwanamke akainuka kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Binti yangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Kwenye gari, tukirudi, binti yangu alinigeukia tulipofika njia panda. "Hukuwa na haja ya kumwaibisha mbele ya mwenzangu," akasema. "Ni hadithi tu, mama."

Nikamwambia ndiyo, ni hadithi tu. Nilitazama nje. Ningemweleza, lakini alikuwa na furaha, na mchumba wake ndiye aliyekuwa akiendesha.

Walifunga ndoa mwezi wa Desemba, wakati watu wote wako nyumbani. Mimi na baba yake tulikaa meza moja tukapigwa picha. Wiki chache baadaye akanipigia simu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aondoke.

"Chombo kimezimika," alisema. "Kilitoa harufu, kikazima. Nimewaonyesha mafundi wa hapa, wanasema hawajawahi kukutana nacho. Yule muuzaji wa Nairobi, bado una namba yake?"

"Ninayo."

"Nitumie basi."

"Sikutumii."

Kwa mbali mtu alikuwa anapiga nyundo, nadhani jirani yake. "Kwani itakusaidia nini?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayetaka kweli kujua. "Kikifa huku, wewe utakuwa umepata nini?"

"Sitapata kitu," nikamjibu. "Lakini sikutumii."

"Umekuwa mgumu, mama watoto."

Nikakata simu. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikingoja nijisikie vizuri, maana nilikuwa nimeiwaza siku kama ile mara nyingi, na kwenye mawazo yangu nilikuwa nikicheka. Haikuwa hivyo. Ng'ombe walianza kulia, nikachukua panga, nikashuka kukata majani.