Sindano ya Jicho na Mkono wa Bibi Harusi

Mimi ni mchora piko, ile rangi nyeusi ya kuwapambia maharusi mikono na miguu, na silisemi hilo kwa unyenyekevu. Kuanzia Makorora ninakoishi hadi Pangani alikoolewa dada yangu, mwari akitaka kupambwa huitwa mimi kwanza. Ukiona kapambwa na mwingine, ujue mimi nilikuwa na shughuli kwingine. Kwa hiyo siku mstari uliponipinda juu ya mguu wa bibi harusi mmoja, sikulilaumu jicho, nililaumu kijiti. Nikachonga kingine. Mstari ukapinda vilevile, na katikati ya ua pakawa na doa la kijivu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Sukari ninayo miaka mingi na tumeshazoeana. Nilijua inakaa kwenye kiu na kwenye nyayo. Kwamba ingepanda hadi machoni halikunipitikia. Nikanyamaza. Mficha maradhi kilio humuumbua, na changu kilikuja kwa simu ya dada: binti yake anaolewa kabla ya Ramadhani.

"Utamchora wewe," akasema.

"Kwani yuko nani mwingine?" nikamjibu, huku nimefumba jicho la kushoto, na kwa hilo la kulia nikiuona mlango wa jikoni umepinda kama upinde.

Kesho yake nikaenda hospitali. Daktari wa macho alikuwa msichana wa Kishambaa, mwenye shikamoo ya heshima na mkono mwepesi. Akanitia matone, akalipiga jicho picha kwa ndani, akanionyesha kwenye kompyuta.

"Hapa pamevimba, mama. Kuna maji yanavuja."

"Yanatoka wapi, na mimi sijalia?"

Akacheka, kisha akanieleza polepole. Sukari imeiharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, pale panapopokea picha. Sehemu isiyofikiwa na damu hukosa hewa, nayo hupiga ukelele: hutoa protini ya kuita mishipa mipya iote. Mwili nao ni mtiifu, huiotesha. Lakini mishipa ya haraka ni dhaifu, huweza kupasuka, na kwa ukelele huohuo hata ile ya zamani hulegea ikavuja. Juu ya hayo zipo kemikali nyingine, zile ambazo mwili humwaga penye jeraha ili pavimbe, papone. Ndani ya jicho hazina jeraha la kuponya, zinazidisha kuvuja tu.

"Kama maji yakikatika mtaani kwetu," nikasema. "Kila mtu anajivutia bomba lake, na yote yanavuja barabarani."

"Ndivyo hivyo. Sasa sisi tuna sindano ya kuunyamazisha huo ukelele."

"Ya mkono au ya paja?"

"Ya jicho, mama."

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa akinitania. Nikamwambia mimi nashika mikono ya watu siku nzima na ninaviogopa vitu vichache sana duniani, aniandikie siku. Kisha nikamweleza habari ya mlango wa jikoni na ya harusi, nikamuuliza la maana: nitachora?

"Mlango utanyooka," akasema. "Mstari mwembamba wa piko, hapo siwezi kukuahidi."

Siku ya sindano nilijiandaa kama mtu anayejua anakokwenda. Nilioga, nikavaa buibui jipya, nikajifukiza udi, nikapaka wanja wa manga, juu na chini, ukakolea. Mtu anakwenda kutazamwa macho, atayapeleka matupu? Mama yangu hakututoa nyumbani hata kwenda sokoni bila wanja. Muuguzi alipoliona jicho akarudisha kila kitu kwenye sinia.

"Mama, hatuwezi kupitisha sindano hapo. Vijidudu vikiingia ndani, jicho linakufa."

"Huu ni wanja safi, nimeusaga mwenyewe!"

Alinisafisha, nikasafishwa, na wanja ukazidi kung'ang'ania kwenye mizizi ya kope, kazi nzuri ya mikono yangu. Wakanirudisha nyumbani hadi wiki iliyofuata. Nilikasirika hadi kituo cha basi, halafu nikacheka peke yangu mpaka watu wakanitazama. Lakini usiku sikucheka, maana harusi haikuwa ikinisubiri.

Wiki iliyofuata nilikwenda na uso mtupu, nikijiona kama nimetoka bila nguo. Wakalitia jicho ganzi, wakaliosha kwa dawa ya kahawia, wakazishika kope lisifumbe. Nilihisi mgandamizo, basi. Nyuzi nyeusi zikaogelea mbele yangu siku kadhaa. Baada ya sindano ya pili mlango wa jikoni ulianza kunyooka, nami nikaacha chai ya sukari kwa hasira, si kwa utii.

Nilifika Pangani siku ya kupamba, mkoba wa piko kwapani. Nikavua viatu, nikaingia chumba cha ndani, na pale mkekani alikuwa ameketi mchoraji mwingine, vijiti vyake vimepangwa tayari.

Dada akanivuta pembeni. "Usikasirike. Nimesikia unadungwa sindano za macho. Nimemweka kwa tahadhari tu."

"Tahadhari ya nani? Mimi nimekuwa mtungi wa ufa?"

Iliniuma, kwa sababu mahali pake hata mimi ningefanya hivyohivyo. Wanawake wote chumbani walikuwa wakiangalia mkeka. Yule mchoraji akawa muungwana, akainuka nusu, hajui aondoke au akae. Na mimi nilisimama pale na maneno yangu makubwa ya kuanzia Makorora hadi Pangani, nisijue kama jicho litanifuata kazini au litaniaibisha mbele ya watu.

Bibi harusi ndiye aliyekata shauri. Alisogea hadi ukingoni mwa mkeka, akakunja mkono wa gauni, akanyoosha kiganja cha kulia.

"Mama mdogo, anza."

Nikaketi. Nikachovya kijiti, nikakishusha pale chini ya kidole cha kati, mahali mstari huwa mwembamba kuliko pote, nikavuta. Ulikuja. Nikavuta wa pili ubavuni mwake, ukaja nao, sawasawa, pana nafasi ya unywele tu katikati. Machozi yakaanza kunitoka, nikamkaripia mwari aache kutikisa mkono.

"Sijatikisika, mama mdogo," akasema kwa upole. "Ni mkono wako."