Mwisho wa tamthilia ambao kijiji chetu hakikuuona, na shangazi yangu aliyeachwa kizimbani

Wakuu, amani iwe kwenu.

Jumamosi ya tarehe 12 Julai nilikuwa nyumbani kwangu Makambako, ninakofundisha, nimekaa karibu na jiko la mkaa, nafuma sweta. Wanaoujua mji huu wanaujua upepo wake wa mwezi huo. Mtu hatoki nje bila sababu.

Majina ya watu nimeyabadilisha, na jina la tamthilia pia, kwa kuwa baadhi ya wahusika wana familia zao. Yaliyobaki nimeyaacha kama yalivyotokea. Ni marefu kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa nimeiegemeza simu kwenye chupa ya chai, video zikifuatana zenyewe. Moja ikaisha, nyingine ikaanza, na nikausikia muziki nilioutambua kabla sijainua macho.

Ilikuwa "Nyumba ya Mzee Kondo".

Wa rika langu mtakumbuka enzi zile. Picha yenye chenga, mtu mmoja yuko juu ya paa anageuza antena, na walio ndani wanapiga kelele, "Hapo hapo! Aah, umepitiliza!"

Kuna mtu mwenye channel ndogo amepandisha episodes zote kutoka kwenye kanda za zamani. Rangi zimefifia, kila mtu ana uso wa kijani kidogo.

Niliweka sweta chini.

Wakuu, kuitazama tamthilia ya zamani si burudani tupu. Mlinzi wa Mzee Kondo, yule aliyekuwa akisinzia hali amesimama, alishafariki. Mzee Kondo mwenyewe alishafariki. Kwenye comments watu wanaulizana nani bado yuko hai, kama abiria walionusurika ajalini. Mtu anaingia mlangoni anacheka, na mimi niliyekaa Makambako najua habari zake ambazo yeye hazijui.

Kisha akaingia shangazi yangu.

Nitamwita Shangazi Veneranda. Ni dada yake marehemu baba. Alikwenda Dar kufanya kazi ya ushonaji, na kikundi kimoja cha sanaa kilikuwa kikishonewa mavazi pale alipokuwa. Siku moja mwigizaji hakufika, wakamwomba asimame yeye. Hakukaa tena.

Alicheza kama Bi Tabu, mke mdogo wa Mzee Kondo. Kwa wasioijua hadithi: Mzee Kondo anakunywa uji asubuhi, anaanguka, anakufa. Uji umepikwa na Bi Tabu. Anakamatwa, na vipindi vyote vinavyofuata ni kesi yake.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, maana jambo lote limekaa hapa.

Kijijini kwetu, si mbali na Njombe mjini, runinga ilikuwa moja tu, kwenye ukumbi wa misheni. Umeme ulikuwa wa jenereta, na jenereta ilikuwa chini ya Bruda mmoja, mtu wa saa kweli kweli. Ikifika saa tatu, anazima. Huwezi kumwomba dakika.

Tamthilia ilianza saa mbili na nusu, lakini matangazo yaliisogeza mbele, hivyo kila wiki dakika za mwisho ziliishia gizani.

Watu walikwisha kuzoea. Walirudi makwao wakibishana njiani, na wiki iliyofuata, kabla ya kipindi kuanza, walionyeshwa kwa ufupi yaliyopita. Hawakupoteza kitu.

Lakini kipindi cha mwisho hakina wiki inayofuata.

Walichokiona wao ni Bi Tabu amesimama kizimbani, na hakimu anavaa miwani ili asome hukumu. Basi. Giza.

Mimi wakati huo nilikuwa masomoni, mbali. Nilikuja kuyajua haya vipande vipande.

Kikundi kile cha sanaa kilisambaratika, shangazi akarudi nyumbani. Akaolewa na mgane mmoja, fundi seremala, mtu mpole. Hawakukaa muda mrefu, mume akaugua tumbo, akafa. Daktari alisema ni ini. Kijiji kilisema, "Si tulimwona kwa macho yetu?"

Mtacheka. Mtasema watu hawawezi kuchanganya mchezo na maisha. Kila mmoja wao, ukimuuliza peke yake, atakwambia anajua kabisa kwamba ule ulikuwa mchezo. Lakini mkono wake hautapokea kikombe.

Hakuna aliyemfukuza. Kwetu watu hawafukuzi mtu.

Ila kukiwa na msiba, mnajua wanawake wanavyogawana kazi: wapo wa kuchambua maharage, wapo wa ugali, wapo wa kumenya viazi. Shangazi Veneranda hupewa kuni. Kuni na maji ya kunawa. Miaka yote hiyo hajawahi kusogezwa kwenye sufuria ya msiba, na jambo hilo halijawahi kutamkwa na mtu.

Jumuiya ndogo ndogo ikifika zamu ya nyumbani kwake, watu huja, husali, huimba vizuri kabisa. Chai ikiletwa, kila mmoja ameshakunywa alikotoka.

Alishajaribu kujieleza. Aliwaambia, "Mimi mwishoni niliachiwa na mahakama."

Wakamuuliza, "Mahakama ipi?"

"Ya kwenye mchezo."

"Kumbe kesi unaikubali ilikuwepo."

Basi, siku ile Makambako, nilikitazama kipindi cha mwisho hadi mwisho. Hakimu alivaa miwani. Mdogo wake Mzee Kondo akasimama katikati ya mahakama akakiri kwamba sumu aliiweka yeye, kwa ajili ya shamba. Bi Tabu akaachiwa huru. Akatoka nje. Hakukuwa na mtu wa kumpokea, kamera ikamfuata kwa nyuma mpaka akawa mgongo tu, na muziki.

Nililia. Kisha nikakihifadhi kwenye flashi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi hadi Njombe, nikachukua bodaboda hadi kijijini. Ukungu ulikuwa bado haujainuka juu ya mashamba ya viazi.

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene, mwanangu. Mbona umekuja na upepo wenu?"

Amekonda. Moyo unamsumbua, anahudhuria kliniki Ilembula. Nilimwonyesha kile kipindi kwenye simu, nikidhani atajitazama yeye. Hakujitazama. Aliwatazama wenzake.

"Huyu hakimu alikuwa fundi saa. Ile miwani haikuwa yake, haoni kitu hapo. Karatasi ni tupu, hukumu yangu aliikariri."

"Huyu mlinzi ndiye aliyenifundisha kulia. Aliniambia, dada, usikaze uso, kaza miguu, machozi yatakuja yenyewe."

Nikamuuliza ni nani amebaki katika wote wale.

"Mimi."

Nilimweleza nia yangu, kwamba jioni ile jumuiya inasali kwa mwenyekiti wao, Mama Osmunda, na kwamba Mama Osmunda ana runinga nzuri tu ya ukutani, wakitaka watazame ule mwisho walioukosa.

"Wamezoea, mwanangu. Na mimi nimezoea kuni."

"Shangazi, unataka au hutaki?"

Alinirudishia simu. Kisha akasema, "Nataka nipike mahali watu wakala. Hata mara moja. Sitaki kuzikwa na watu walioniogopa."

Jioni tulikwenda. Baada ya sala niliomba ruhusa, nikachomeka flashi.

Wakuu, mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Wazee walirudi ujana. Mzee mmoja, Mzee Gaudensi, alimwona mlinzi akapiga goti lake kofi: "Huyu bado anasinzia! Miaka yote hii hajaamka tu!"

Mwingine akamgeukia shangazi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. "Vene, tazama mashavu hayo! Dar ulikuwa unakula nini?"

"Nilikuwa nakula njaa kama nyie," akajibu, wakacheka wote, naye akacheka. Nikawaza, imekwisha, tumeshinda.

Ikaja mahakama. Hakimu akavaa miwani, na nikaona watu wazima wakijiinamisha mbele kwenye viti kama wanaosubiri matokeo yao wenyewe. Ndugu wa Mzee Kondo akakiri. Bi Tabu akaachiwa.

Muziki ukaisha.

Mama Osmunda ndiye aliyeanza. Ni mama mwenye heshima, sauti yake ni ya chini.

"Mwalimu, hii ni ile ile?"

"Ni ile ile, mama."

"Nauliza tu, mwanangu. Maana siku hizi kuna hii akili ya kompyuta. Juzi nilionyeshwa marehemu anaimba kwaya, kanisa lenyewe limejengwa baada ya yeye kufa."

Mzee Gaudensi akadakia, "Sasa kama inamtoa mtu kaburini, itashindwa kumtoa Bi Tabu gerezani?"

Walicheka, wakuu. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu waliotuliwa mzigo.

Nikawaambia, lakini mnakumbuka Bruda alizima jenereta. Mzee Gaudensi akakubali bila ubishi. "Alizima, na tulimzomea mpaka akatoka na tochi."

"Alizima," akasema Mama Osmunda. "Lakini hakimu alishavaa miwani. Nilimwona uso. Ule ulikuwa uso wa kufunga mtu."

Miwani ile, mwenye kuivaa haoni kitu. Sikuwaambia.

Chai ya Mama Osmunda ilikuwa tayari. Shangazi aliinuka kwa mazoea ya kusaidia, akashika sinia ya vikombe. Mama mmoja akaipokea mikononi mwake taratibu, akamwambia, "Kaa, Vene, una moyo wewe. Pumzika."

Kwa upole. Kwa upendo kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukatili ningeweza kuushinda, ila huu upole sina la kuufanya.

Tulirudi nyumbani taratibu, akisimama mara kwa mara kuvuta pumzi. Nilitegemea atalia au atanilaumu. Alichosema ni hiki:

"Lakini umeona nilivyocheza?"

Nikasema nimeona.

"Tatizo langu ndilo hilo, mwanangu. Nilicheza vizuri."

Nimekuwa nikifundisha muda mrefu, na siku zote nimewaambia wanafunzi wangu kwamba ushahidi ukipatikana uongo hukimbia. Sasa sina hakika. Nadhani mtu akishaishi na jambo kwa miaka mingi, akalipangia kazi zake na misiba yake kwa kulifuata, ukimletea ukweli unakuwa umemletea usumbufu. Kumwamini shangazi maana yake wote waliomo mle ndani waikumbuke kila sinia waliyompokonya. Ni rahisi zaidi kuilaumu kompyuta.

Nimemwomba aje tukae naye Makambako. Amekataa. Anasema akihama watasema amekimbia kesi.

Wakuu, kama kijijini kwenu yupo mtu anayebeba hukumu ya picha iliyokatika katikati, nielezeni mlifanya nini, na kama kilisaidia. Kama kuna mmoja humu aliyewahi kufanya kazi na kikundi kama kile, hata kushika taa tu, ningefurahi kusikia sauti yake. Shangazi angefurahi zaidi. Mtakaosema nilikosea kuwaonyesha hadharani nanyi semeni, nimeshajiuliza hilo.

Kwa kuwa hawaamini tena kinachotoka kwenye simu, wiki kadhaa baadaye niliandika barua kwa kalamu, nikamkabidhi katekista aifikishe. Jibu halijaja. Naiweka hapa kama nilivyoituma, isipokuwa majina.

*

Makambako

Mama Osmunda,

Kamwene. Natumaini baridi imewapungukia na viazi vimetoka salama.

Sikuandikii kuhusu ile tamthilia. Uliniuliza kama ni ile ile, nami nilikujibu, na sina ushahidi mwingine wa kukuletea. Amini unavyoamini.

Naandika kwa sababu shangazi amerudi Ilembula mara mbili tangu tuonane, na safari ya mwisho daktari aliniita pembeni. Hatuna muda mrefu.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao ni zamu yake ya jumuiya. Nitakuja. Nimemwambia apike: ugali, maharage, na chai ya maziwa. Ameanza kuchambua maharage tangu sasa, ananiuliza kila siku kwa simu mtakuwa wangapi, na mimi namwambia mtakuja wote.

Kwa desturi yetu mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni. Nakuomba siku hiyo yeye asionje. Ameonja mbele ya watu maisha yake yote na haijamsaidia. Nitaonja mimi, kila sufuria na kila kikombe, nanyi mtanitazama mkipenda kwa muda mtakaotaka.

Kisha nitakupa wewe kikombe hicho hicho. Wengine wote watakuwa wanautazama mkono wako, mama, na unalijua hilo kuliko mimi.

Kama hutakinywea, usije. Nitamwambia mvua iliwazuia.

Wako katika Kristo,
Binti wa kaka yake Veneranda