Mvua Iliyokwenda Kalinzi

Nilipoanza kutangaza hali ya hewa kwenye televisheni huko Dar es Salaam, mama yangu aliwaambia majirani wote wa Katubuka, mtaani kwetu Kigoma, kwamba sasa binti yake anashughulika na mvua ya nchi nzima. Nikampigia simu kumsahihisha.

"Mama, mimi sileti mvua. Naitabiri tu."

"Sasa tofauti iko wapi? Si unaijua kabla haijafika?"

Mama anauza dagaa kwenye ufuko wa Kibirizi, Ziwa Tanganyika, tangu sijazaliwa. Dagaa ndio walionilisha, wakanivisha na kunisomesha. Nilipokuwa mdogo, nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja ufukweni, na kazi yangu ilikuwa kutazama mawingu. Nikiona giza linajikusanya, napiga kelele, "Anueni!" na wanawake wote wanakimbilia dagaa wao waliowaanika. Niliipenda kazi ile kuliko mchezo wowote. Mwalimu wa jiografia aliponiambia kuna watu wanaosomea mawingu chuoni na kulipwa mshahara, nilidhani ananitania.

Nikayasomea. Baadaye nilikaa ofisini miaka kadhaa nikiandaa ramani ambazo wenzangu walikwenda kuzisoma mbele ya kamera. Jioni moja mtangazaji alikaukwa na sauti, na bosi wangu akanitazama kama mtu aliyeona kiti kitupu ndani ya basi. Nikavalishwa koti la mtu mwingine, nikasukumwa kwenye taa. Pwani niliisoma mbiombio, Dodoma nikakwama. Nilipofika Kigoma nikacheka peke yangu, kwa furaha tu ya kuitaja. Mwongozaji wa kipindi akasema kicheko kile kisiondoke. Sikuondoka hata mimi.

Kisha, mwanzoni mwa msimu mmoja wa mvua, kituo kikaamua kurusha matangazo ya moja kwa moja kutoka Kigoma kwa siku chache. Wakanituma mimi na mpiga picha, kijana wa Tanga ambaye hakuwa amewahi kuliona ziwa letu. "Hii si bahari?" aliendelea kuniuliza.

Asubuhi ya kwanza tulifika Kibirizi jua likiwa limeshawaka. Wanawake walikuwa wameanika dagaa, ufuko mzima unang'aa kama umemwagiwa fedha.

"Mwakeye!" walinisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mama zangu. Shikamooni."

"Marahaba, mtoto wa televisheni!"

Kamera ikawashwa. Nikasema kilichokuwa kwenye vipimo: mchana kuna uwezekano mkubwa wa mvua ya radi mkoani Kigoma, na wanaoanika mazao wajiandae. Nyuma yangu mmoja akaangua kicheko. Anga lilikuwa jeupe, halina hata kipande cha wingu.

"Mwanetu," alisema rafiki wa mama, mwanamke mwenye sauti inayovuka mpaka Congo, "huko Dar mnaangalia jua gani?"

Mama alifunga kitenge chake vizuri kiunoni, akachukua ufagio na kuanza kuwakusanya dagaa wake ambao hawajakauka hata nusu. Wenzake wakamwambia aache. Akawajibu, "Nimemsomesha mimi. Nisipomwamini mimi, nani amwamini?"

Mchana ukaja. Mawingu yakajikusanya kweli, meusi hasa, lakini juu ya milima. Ngurumo tulizisikia. Tone hata moja halikushuka Kibirizi. Jioni dagaa wa wenzake walikuwa wakavu, wanapasuka vidoleni. Wa mama walikuwa kwenye magunia, wana unyevu na wanaanza kunuka.

Nilitamani kuzama ziwani. Mama akaniwekea ugali na migebuka, samaki wa ziwa letu.

"Kula. Mvua ina miguu, inatembea."

Usiku ule mpiga picha alinishauri kesho tuanze na habari nyingine, watu watasahau. Nikamwambia Kibirizi haisahau kitu. Asubuhi, mbele ya kamera, nikasema wazi: "Jana niliwatahadharisha kuhusu mvua. Hapa ufukweni haikufika."

"Eeeh! Kakubali!" wanawake wakapiga vigelegele. Nikacheka nao, maana ningefanya nini?

Ndipo pikipiki ikasimama nyuma yao. Akashuka mwanamke mnene, buti zake zimejaa tope jekundu hadi juu. Alikuwa ametoka Kalinzi, huko juu milimani, kuja kununua dagaa, na kelele zile zilimvuta. Alipoelewa kinachosemwa, akapenya mpaka mbele ya kamera bila kuitwa.

"Usiwaombe radhi hawa! Mvua yako tumeipokea sisi. Miche yangu ya kahawa ilikuwa inakufa. Jana imekunywa mpaka imeshiba!"

"Basi irudisheni!" alifoka mama kutoka nyuma. "Ilikuwa ya kwetu!"

Ufuko mzima ukalipuka kwa kicheko. Mpiga picha alicheka hadi picha ikawa inacheza. Mwanamke wa Kalinzi akamwita mama pembeni, wakazungumza, na akawanunua dagaa wake wote vilevile walivyokuwa. Alisema kwake kuna moshi wa kutosha, atawakausha juu ya meko.

Nilidhani bosi angenikaripia. Kumbe alipiga simu akitaka mengine ya aina ile. Nikatumia nafasi hiyo kumwambia kwamba kuitaja Kigoma kwa sentensi moja hakutoshi, kwa kuwa ziwa lina tabia zake na milima ina zake. Akakubali. Tangu hapo mkoa wetu nausoma mara mbili, mwambao kwanza, kisha nyanda za juu, hata kama muda umebana.

Siku ya mwisho niliahidi jua, na jua likawaka kutwa. Mama alikataa niondoke mikono mitupu. Alinifungia dagaa wakavu kwenye mfuko, akaukaza kwa kamba, akaapa kwamba hautatoa harufu. Tulipokaa tu ndani ya ndege, abiria wakaanza kugeuza shingo. Nikajifanya nimelala.

Mzee aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza, "Binti, hao ni wa Kibirizi?"

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Fungua tuonje."