Bomba la Chumba cha Mama

Mume wangu alipofika nyumbani na ile boila, nilidhani ameniletea choo. Kilikuwa kibanda cha bati la kijani, kina mlango mmoja wa chuma na bomba la moshi juu, kimefungwa minyororo kwenye trela kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Nilitoka nje na mwiko mkononi, nikamwuliza kama vyoo viwili vya ndani havitutoshi.

"Hii ni boila ya kuni, mama watoto," akasema huku akicheka. "Unawasha moto huku nje, maji yanachemka, halafu yanapita chini ya ardhi mpaka ndani. Nyumba yote inakuwa warm, na hakuna moshi wala jivu kwa nyumba."

"Na gesi ina shida gani?"

"Gesi ni gesi," akajibu, na maelezo yake yakaishia hapo. Mume wangu si mtu wa maneno. Ukimbana aseme kilicho moyoni, anatafuta skrubu ya kukaza.

Boila yenyewe ilikuwa imetumika miaka na miaka. Aliinunua kwa mkulima mmoja mzee aliyekuwa anahamia mjini kwa binti yake, na mjini huwezi kuwasha kitu cha aina hiyo katikati ya nyumba za watu. Sisi tunakaa huku Amerika, nje kidogo ya mji wa Shakopee, mashamba ya mahindi yanapoanzia, na nyuma ya nyumba tuna miti ya kutosha. Mlango wa boila ulikuwa unaning'inia kwenye bawaba moja. Ndani mlikuwa na jivu la miaka iliyopita, limeshikana kama simiti. Mimi niliona takataka. Yeye aliizunguka akiipapasa na kupiga mluzi, nikarudi zangu jikoni.

Wakati huo mama yangu alikuwa anakaa na sisi. Tulimleta baada ya baba kufariki. Nyumba yake kule magharibi ya Kenya ilikuwa imebaki na yeye na kuku, na magoti yake yalikuwa yamegoma. Kazi yangu mimi ni kutunza wazee wa watu kule mji wa New Hope. Nawaogesha, nawalisha, nawachana nywele, nasikiliza hadithi zao za ujana. Ningewezaje kumwacha wangu ajikokote peke yake kwenda kuteka maji? Nilitaka akae nami mpaka mwisho. Nilikuwa nimeshapoteza mzazi mmoja nikiwa mbali, nikaangalia mazishi yake kwenye simu, na sikutaka kurudia kitu hicho.

Shida ni kwamba kukaa kwangu kulikuwa ni kukaa kwa mkwe wake. Wa kwetu watakuwa wameshanielewa, lakini wengine niwaeleze. Mimi na mume wangu hatutoki kabila moja, ndiyo maana Kiswahili ndicho kinachotawala nyumbani kwetu. Ila katika jambo hili makabila yetu ni kitu kimoja. Mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukwepana. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni, hawaongei ana kwa ana. Na mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe wake, hata kiwe kinaungua. Huku Amerika wengi wameyaacha hayo, wanasema ng'ambo hakuna mkwe. Wangu wawili hawakuacha hata nukta.

Kwa hiyo mimi nikawa redio ya nyumba. Mama akisikia gari linaingia, anaokota leso yake na kupotelea chumbani. Mume wangu akisikia mlango wa Mama unafunguka, anakumbuka ghafla kazi iliyoko gereji. Mama akiwa jikoni husema kwa sauti, "Mwambie baba watoto chakula kiko tayari," na baba watoto yuko hapo hapo kwenye kochi, anasikia kila neno, lakini ananisubiri nimwambie. Nikimwambia, ananijibu, "Mwambie Mama asante." Nilichoka, jamani. Kuna siku niliwaambia wote wawili, mmoja baada ya mwingine kama kawaida, kwamba nitaanza kuwatoza ada ya utangazaji.

Majani yalipoanza kuanguka, mume wangu akaanza kujenga. Alimwaga zege la kusimamishia boila, mbali kidogo na nyumba ili moshi usitufuate. Akakodi mashine ya kuchimbia, akakata mtaro kutoka kwenye boila mpaka ukutani, mtaro wa kumfika kiunoni, kwa sababu huku ardhi yenyewe huganda na bomba lililo juu juu hupasuka. Mashine ilipogonga mizizi alishuka na sururu. Alikuwa anatoka kazini, anaendesha foklifti kwenye ghala kutwa nzima, halafu anaingia mtaroni bila hata kunywa chai. Ndani ya mtaro alilaza bomba jeusi nene, na ndani ya hilo mabomba mawili membamba, moja la kupeleka maji ya moto na moja la kurudisha yaliyopoa. Kwenye chumba cha chini ya nyumba akaunganisha kitu kama rejeta ya gari mbele ya feni inayosukuma hewa vyumbani.

Mama alifuatilia yote hayo dirishani, nyuma ya pazia. Mume wangu akiinua kichwa, pazia linaanguka. Siku moja aliniita.

"Mwambie mumeo avae kofia. Upepo huu utamkata masikio."

Nikapeleka tangazo. Kesho yake akavaa kofia, na nadhani hakuivua mpaka kazi ilipoisha.

Chumba cha Mama kilikuwa na shida yake. Watu waliotutangulia walikiongeza ubavuni mwa nyumba baadaye, hivyo hewa ya moto ya feni haikifikii. Alikuwa na hita ndogo ya umeme, lakini aliiogopa, kila akitaka kusinzia anaizima asije akatuunguza. Mume wangu akatoa tawi la bomba, akalipitisha kwenye uvungu wa nyumba, mahali ambapo mtu mzima anatambaa kwa tumbo, akatoboa sakafu na kulichomoza chumbani kwa Mama. Hapo likaunganishwa na rejeta ya chuma ya kizamani, ile ya kupashia chumba joto, nayo ya mitumba, imepakwa rangi nyeupe koti juu ya koti. Aliyeiunganisha ni mimi. Fundi wa nyumba alisimama kwenye korido, ameupa mlango mgongo, ananiambia kaza, legeza, usiminye sana, na mimi nimepiga magoti na spana nisiyoijua jina.

Siku ya kuwasha moto mume wangu aliijaza boila kuni, akafunga mlango, akasubiri. Jioni hiyo nilitembea jikoni bila soksi. Lazima nikiri ilikuwa raha. Ile hewa ya boila ilituingia mpaka mifupani, hata gereji ilikuwa na joto. Nilimpikia kuku.

Chumba cha Mama peke yake kilibaki vile vile. Ile rejeta ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mume wangu alikagua pampu, akakagua koki, akatambaa uvunguni na kurudi na utando wa buibui kichwani. Aliniomba nimpigie picha ya rejeta kwa simu, nikampigia za pande zote, akazikuza na kuzikuza, lakini ile rangi nyeupe ilikuwa imefunika kila kitu.

"Ningeiona tu kwa macho yangu, ningejua," akasema.

"Basi ingia uione. Mama ameenda na mwenzake wa kanisani kununua unga mtaa wa Frogtown. Hayupo."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani. Sikurudia.

Mama hakulalamika. Kumlalamikia mkwe si adabu, hata kupitia redio. Alianza kulala na koti. Asubuhi alikuwa anatoka chumbani akiwa ameshikilia ukuta, magoti yamekaza, na ukimwuliza amelalaje anakujibu amelala vizuri. Halafu siku moja, tunachambua sukuma, akasema bila kuniangalia, "Mwanangu, nitafutie tiketi. Nataka kurudi kabla ya Krismasi."

Kisu kilinidondoka. "Ni baridi, Mama? Tutarekebisha."

"Si baridi. Mkwe wangu amesema, na mimi nimesikia."

"Amesema nini? Hajawahi hata kukusemesha!"

"Moto amepeleka kila mahali. Hata gari limepewa moto wake. Kwangu mimi akapeleka bomba baridi." Akaokota majani yaliyoanguka. "Mimi si mtoto. Nimeelewa."

Nilimwambia si kweli. Nilimwambia kwa upole, halafu kwa ukali, halafu nikimshika mikono. Alinisikiliza jinsi unavyomsikiliza mtu anayemtetea mume wake. Na kusema kweli ningemtetea kwa hoja gani? Watu hawa wawili hawakuwahi kuambizana neno. Kilichobaki baina yao ni vitu, na kitu kilichofika kwa Mama kilikuwa baridi.

Nikaenda kwa mume wangu nikamweleza neno kwa neno. Akaweka kijiko chini. Akavaa koti, akatoka kwenda kuchochea moto. Nilimwona dirishani amesimama mbele ya mlango wa boila, mikono mfukoni, hata kuni hajazigusa. Sitawaandikia hapa nilichomwita kimoyomoyo.

Kazini, wakati wa mapumziko, nilifungua simu nikaanza kutafuta tiketi. Kila nilipofika mahali pa kuandika jina la msafiri nilifunga. Mzee mmoja ninayemtunza aliniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu, nikamdanganya ni vitunguu, na sisi hatupiki chochote pale.

Siku iliyofuata nilikuwa na zamu ya asubuhi. Theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri na barabara ilikuwa ya kunyata, lakini nilifika nyumbani bado kuna mwanga. Moshi wa boila ulikuwa unapanda wima. Gari la mume wangu lilikuwepo, yeye haonekani, gereji tupu. Nilipoingia nikasikia Mama anaongea chumbani kwake kwa sauti ya juu kidogo, ile ya kumsemesha mtu asiyesikia vizuri. Nikajua ni simu, dada yangu yuko upande wa pili, wanapanga nani atampokea uwanja wa ndege. Nikaenda nikiwa tayari kugombana.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mama alikuwa amepiga magoti juu ya mto, magoti yale yale, miwani puani, kisu cha kupakia siagi mkononi. Simu ilikuwa kitandani, imezimwa. Alikuwa anaongea na sakafu.

"Hapa pembeni, juu, kuna kitu kama kichwa cha msumari. Kimemezwa na rangi."

"Hicho hicho, Mama!" Sauti ilitoka chini ya miguu yake, kwenye lile tundu la bomba. Mume wangu alikuwa uvunguni, amelala chali kwenye udongo chini ya kitanda cha mama mkwe wake. "Kwangua hiyo rangi pole pole. Kuna hewa imekwama ndani, ndiyo inazuia maji ya moto. Ukimaliza, geuza kidogo tu, upande wa dirisha."

"Nisiharibu?"

"Huwezi haribu, Mama."

Nilibaki nimesimama na theluji inayeyuka kwenye viatu vyangu. Hawakuwa wanaonana. Hakuna aliyeingia kwa mwenzake. Kati yao kulikuwa na mbao nzima za sakafu na zulia juu yake, na mila zote za ukoo wa mume wangu na wetu zilikuwa salama salimini.

Mama akakwangua, akageuza. Rejeta ikatoa pumzi ndefu, fyuuu, yenye harufu ya kutu, ikaendelea mpaka nikadhani haitaisha. Halafu maji ya kahawia yakaruka, yakampiga kwenye miwani.

"Imenitemea mate!" Mama akapiga kelele, na akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu baba atutoke.

"Funga, Mama! Funga!"

Akafunga. Akafuta uso kwa leso, akaweka kiganja kwenye chuma, akangoja. Mimi pia nilingoja, na najua kule chini kuna mtu alikuwa anangoja.

"Inakuja," akasema Mama. "Inapanda. Eee, inakuja."

Nilitarajia kumsikia mume wangu akitambaa kutoka. Hakutoka. Mama naye hakuinuka. Alikaa sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye ile rejeta, akainamisha kichwa karibu na tundu la bomba.

"Baba," akaita. Hakusema mwambie. "Mimi nilidhani unanifukuza."

Kule chini nilimsikia akijigeuza kwenye udongo.

"Mimi, Mama?" Sauti yake ilikuwa imepungua. "Hii boila nilinunua juu yako. Nilisikia ukiambia binti yako mifupa inauma."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningekuambiaje, Mama? Ndiyo maana nikachimba."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu ingawa ilikuwa imeshakauka. Kisha akageuza shingo, akaniona mlangoni.

"Wewe, usisimame hapo unalia," akasema. "Nenda ukamchemshie mwanangu chai. Huko chini kuna baridi."